Mwenzako Akihamanika: Mazungumzo na Wanaolea Waume na Wake Zao Nyumbani

Waliokosa kikao chetu cha Wete, Pemba, wameniomba niyaandike niliyoyasema. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza salamu tu, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliowaleta. Naona wengi mmekimbilia viti vya karibu na mlango, simu mkononi, na sababu yake naijua: nyumbani umemwacha mtu na mjukuu. Atakayepigiwa aondoke. Asiombe ruhusa wala asione haya.

Nimeitwa nizungumzie ugonjwa wa kusahau. Kusahau kwenyewe sitokusema sana. Mume akiuliza mara kumi kama ameshakula, inachosha, lakini sijamuona aliyeihama nyumba yake kwa hilo. Kinachowamaliza watu ni hamaniko. Mtu alikuwa mpole maisha yake yote. Sasa magharibi ikiingia anainuka, anazunguka chumba hadi ukumbi, anatikisa komeo, anataka kwao. Anakuita mwizi. Ukimshika mkono anakupiga. Asubuhi anakunywa chai na boflo lake kama hakuna lililotokea, na wewe macho mekundu, hujui ucheke au ulie.

Na leo nazungumza na mke na mume, si na watoto. Watoto wana hotuba zao. Kila Ramadhani tunakumbushwa Suratul Israa, kwamba wazazi wakifikia uzee tusiwaambie hata "ah". Mtoto anaujua wajibu wake hata kama hautekelezi. Mke aliyeolewa miaka arubaini hana wa kumhutubia. Inachukuliwa tu kwamba atafanya, kwa kuwa ndiye anayelala naye kitanda kimoja. Mama mmoja wa huku huku Pemba aliniambia: "Mimi nimeshakaa eda, na mume wangu yuko hai." Sikuwa na la kumjibu, na hakutaka jibu.

Tuanze na jambo linalowaumiza wengi: tuhuma. Mke anaambiwa ana mwanamme. Mume anaambiwa anamwendea jirani. Watu wazima, wajukuu wamejaa nyumba, na usiku ni kesi ya ugoni. Nataka mjue jambo hili si geni na si lenu peke yenu. Mgonjwa ambaye ugonjwa huu ulipata jina lake kupitia kwake alikuwa mwanamke wa Ujerumani, Auguste Deter. Mumewe, karani wa reli, alimpeleka hospitali Frankfurt mwaka 1901, mwanamke ana miaka 51 tu. Dalili ya mwanzo mumewe aliyoiona ilikuwa wivu: alishikilia kwamba mumewe ana uhusiano na jirani yao. Kisha ikaja kuficha vitu, kisha kelele. Daktari Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina lake, alimfuatilia, na mgonjwa alipofariki mwaka 1906 akauchunguza ubongo wake, akaona umesinyaa na umejaa uchafu usiokuwa wa kawaida. Kwa hiyo mume wa kwanza kabisa katika historia ya ugonjwa huu alituhumiwa kama mnavyotuhumiwa nyinyi, na kosa hakuwa nalo. Yule anayekutuhumu si kwamba alikuwa na dhana hiyo moyoni miaka yote na sasa imetoka. Ubongo ukipungukiwa na habari hujaza wenyewe, na mara nyingi hujaza kwa hofu. Anahisi kuna kitu amekipoteza; wewe ndiye uliye karibu; basi wewe ndiye uliyekichukua.

Huku kwetu wapo wenye Alzheimer hiyo, na wapo wengi ambao ubongo umeumizwa na presha na viharusi vidogo vidogo ambavyo nyumba nzima haikuvitambua. Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa haya ni zaidi ya milioni 55 duniani, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi kama zetu, si Ulaya. Kwa hiyo tusiendelee kusema huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Wala tusikimbilie kusema karogwa. Kitabu chenyewe, Suratun Nahl aya ya 70, kinatuambia wapo miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, wasijue kitu baada ya kuwa walikijua. Pale hakutajwa mchawi. Mimi sikukatazi kumsomea mgonjwa wako dua, na kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, anywe kama linamtuliza. Nimewaona waliotulia kwa kusikia tu sauti ya anayesoma. Ninalolikataa ni kumfukiza mzee mwenye kifua mpaka anakohoa damu, kumpiga ati shetani atoke, na kumfunga kamba. Mtu aliyefungwa anahamanika zaidi, anachubuka, anaota vidonda, damu inaganda miguuni. Sijamuona aliyepona kwa kamba.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonileta. Hamaniko lina sababu, na mara nyingi sababu iko mwilini mwake au chumbani mwenu. Yeye hawezi tena kusema "tumbo linaniuma" au "naona baridi" au "naogopa". Maneno yamekwisha, kilichobaki ni mikono na sauti. Na hapa duniani hakuna anayejua kumsoma kuliko aliyelala naye miaka arubaini. Daktari anamuona robo saa. Wewe unajua akikunja uso vile ana kiu, na akikuna goti lile mvua inakuja.

Anza na mwili. Kila hamaniko jipya, anza na mwili, kabla ya jambo jingine lolote.

Nilikuwa bado kazini, kazi ya kuhudumia wagonjwa, walipokuja kuniita kwenye nyumba moja. Mzee wa kiume, usiku wa tatu hajalala, ameuchana msuli wake, anapiga ukuta, anamfukuza mkewe. Chumba kimejaa moshi wa ubani, watu wazima wanne wamemshika. Niliomba wamuachie, nikakaa naye kidogo, nikaweka mkono chini ya kitovu. Pamejaa, pagumu, na nilipogusa tu akapiga ukelele. Nikamuuliza mkewe: amekojoa lini? Akasema tangu jana ni matone matone, alidhani hanywi maji. Tezi dume imeziba njia. Tukampeleka hospitali, akatiwa mpira wa mkojo, ukatoka mkojo mwingi wa kutisha. Akalala palepale kwenye machela, na mkewe akalala kwenye benchi. Akili yake haikurudi ya ujana. Ugonjwa wa kusahau alikuwa nao na aliendelea nao. Lakini lile shetani la siku tatu lilikuwa kibofu.

Basi muulize mwili wake hayo: amekojoa? Mkojo unanuka, anaungua? Choo amepata lini? Siku nne bila choo zinatosha kumharibu mtu mzima mwenye akili, seuze yeye. Ana homa? Amekunywa maji? Jino je? Wazee wetu hawafunui vinywa, na ukija kuangalia unakuta jino limeoza mpaka kwenye fizi. Anatumia dawa ya sukari? Wengi wanapewa kidonge cha sukari asubuhi halafu hawali, wamesahau au wamekataa, na sukari ikishuka mtu hutokwa na jasho, hutetemeka na huwa mkali. Huyo hahitaji nasaha, anahitaji kitu kitamu kama bado anaweza kumeza, kisha hospitali. Ameanguka juzi akagonga kichwa? Na masikio: nta tu iliyoziba sikio inamfanya adhani mnamsengenya.

Kipimo changu ni hiki. Kama amebadilika kwa miezi, huo ni ugonjwa unavyotembea. Kama amebadilika kwa saa au kwa siku mbili tatu, huyo kuna kitu kipya kimempata, na apelekwe hospitali leo, si Jumatatu. Na ukifika usikubali kuambiwa "ah, si uzee huo". Sema hivi: "Mume wangu ana ugonjwa wa kusahau, lakini hivi hakuwa hivi juzi."

Maumivu nayasema peke yake kwa kuwa yanadharauliwa. Norway walifanya utafiti uliotangazwa mwaka 2011, nyumba 18 za wazee, wagonjwa 352 wenye ugonjwa wa kusahau na hamaniko. Nusu wakatibiwa maumivu kwa utaratibu, na wengi wao dawa yenyewe ilikuwa paracetamol, hii hii ya dukani. Baada ya wiki nane hamaniko lilikuwa limepungua waziwazi kwa waliotibiwa maumivu. Kilichoongezwa ni dawa ya maumivu, si dawa ya akili. Fikirini ni wazee wangapi wa magoti na migongo ya kupandia mikarafuu wanaitwa wakorofi. Lakini usijimiminie vidonge. Mzee mwembamba au mwenye ini bovu kipimo chake ni kidogo, muulize daktari au nesi akuandikie saa kwa saa.

Na madawa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Watu wanataka kitu cha kumlaza. Duka la dawa linawapa piritoni, linawapa diazepam. Piritoni kwa mzee mwenye ugonjwa huu huzidisha kuchanganyikiwa, hukausha kinywa na huziba mkojo, na hadithi ya kibofu nimeshawapa. Diazepam humlegeza akaanguka, na nyonga ikivunjika ndipo mtakapojua hamjui. Dawa za akili kama haloperidol zina mahali pake: pale mtu anapokuwa hatari kwake au kwenu na mengine yameshindikana, kwa kipimo kidogo, kwa muda mfupi, daktari akimuangalia. Marekani mamlaka ya dawa ilitoa onyo mwaka 2005, na mwaka 2008 ikalitanua mpaka kwa dawa za zamani, kwamba wazee wenye ugonjwa wa kusahau wanaopewa dawa hizi hufa zaidi. Katika majaribio ya kama wiki kumi walikufa karibu 4.5 katika kila 100, na wale waliopewa kidonge kitupu 2.6. Na kama mwenzako anaona watoto au wageni ambao hawapo, na mwili wake umekakamaa, mtajie daktari hayo kabla kalamu yake haijagusa karatasi. Wapo ambao haloperidol huwakaza mwili mzima.

Nikimaliza mwili, naingia chumbani.

Wengi mtaniambia alasiri ndiyo mbaya. Kweli. Mwili umechoka, mwanga unapungua, vivuli vinatembea ukutani, watoto wanarudi kutoka chuo cha Kur-ani na kelele zao, jikoni vyombo vinagongana. Ubongo ulio mzima unapanga yote hayo bila wewe kujua. Wake hauwezi. Kwa hiyo washa taa kabla ya giza, usisubiri giza. Weka na taa ya kuchaji kwa siku umeme unapokatika. Funga pazia. Mchana mtoe nje aone jua, akae barazani, atembee. Asilale mchana kutwa kisha ukamlaumu usiku. Chai na kahawa ziishe mapema. Televisheni zimeni saa hiyo, hasa habari na michezo ya kuigiza. Yupo mama aliyekuwa akiwatilia watu wa kwenye televisheni chakula, na akiona hawali anakasirika.

Na kioo. Nataka kila mmoja akirudi nyumbani aangalie kioo kiko wapi. Kabati letu la kioo, lile la harusi, limeelekea kitanda. Mzee anainuka usiku, anaona mwanamme mkongwe amesimama chumbani anamkodolea macho. Yeye kichwani mwake ana miaka thelathini na tano. Huyo ni nani chumbani na mke wangu? Vita vinaanza. Mke mmoja alikifunika kioo chake kwa kanga na tuhuma za mwanamme wa usiku zikaisha wiki ile ile. Si kila tuhuma itaisha kwa kanga, lakini jaribu, kanga unayo.

Sasa maneno. Usishindane naye. Huwezi kumshinda mtu ambaye ushahidi haukai kichwani mwake, na hata ukimshinda, hoja ataisahau na uchungu utabaki naye. Akisema "nataka kwetu", usimwambie "hapa ndiyo kwako, nyumba hii umeijenga mwenyewe mwaka sabini na nane". Kwao anakotaka si nyumba, mara nyingi ni mahali ambapo hakuogopa. Muulize: kwenu wapi? Kuna nani? Kuna miembe? Mvalishe kofia yake, tokeni, zungukeni msikiti, mkirudi kwa mlango wa nyuma atasema ahsante kwa kunifikisha. Akimuuliza mama yake aliyefariki zamani, usimpe habari ya msiba. Kila ukimpa, kwake ni msiba wa leo, na magharibi utampa tena. Sema: "Unamkumbuka mama? Alikuwa akipika nini?" Na akimuuliza mke wa kwanza, naam, najua, hilo linachoma. Mwache amuulize. Hakuchagui wewe wala yule. Anachungulia mlango uliobaki wazi.

Hili la pesa limeongezeka tangu Aprili 2016, Serikali ya Zanzibar ilipoanza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi pencheni jamii, ilipoanza ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Kheri kubwa. Ila sasa nasikia nyumba nyingi: pencheni yangu imeibiwa, na mwizi ni mke. Ushauri wangu: awe na mkoba wake, na ndani ya mkoba noti ndogo ndogo nyingi. Anahesabu, anazikunja, anazificha, na wewe unajua maficho yake ni chini ya msala na ndani ya debe la mchele. Akisema zimeibiwa usiseme "mimi sikuchukua". Sema "maskini, twende tukazitafute", na mzione pamoja.

Nitawapa kisa cha mke ambaye mimi namuita mwalimu wangu, ingawa skuli hakwenda. Mumewe alikuwa mvuvi. Usiku mwingine analala vizuri, usiku mwingine saa tisa yuko mlangoni anapiga mateke, anataka kutoka, anamtukana. Watoto wakasema ugonjwa hauna mpango. Yule mama akaanza kuhesabu siku. Akagundua ni siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pale wavuvi wanapopita nyuma ya dirisha lao alfajiri kuu wakiwahi maji, wakiitana. Mzee akisikia sauti zile anajua ameachwa. Fikirini: mvuvi gani atalala wenzake wanakwenda? Mama akawaomba vijana wapite njia ya pili, na wakakubali bila neno. Na kwa usiku ambao hata hivyo anaamka, akaweka barazani kipande cha wavu mkuukuu na sindano ya mti. Anakaa, anafuma mafundo, vidole vinakwenda vyenyewe. Jina la mkewe amelisahau, fundo la wavu hajalisahau. Saa kumi na moja anajinyoosha na kusema leo maji hayakufaa.

Mambo waliyoyafanya kwa mikono miaka mingi hukaa mwisho kuondoka. Kwa hiyo mpeni kazi ya mikono, na iwe kazi kweli, si mchezo wa watoto, wanajua mkiwacheza shere. Mwanamke aliyesuka ukili ujana wake mpe miyaa iliyokwishachanwa, asuke, hata akipotea katika kusuka. Msimu wa karafuu ukifika, wakati mnachambua, mpe uteo wake atenge karafuu na makonyo. Atachanganya. Nanyi mtachambua tena akilala, si hasara kubwa kwa jioni moja ya utulivu. Mtazameni tu asile. Kukunja nguo, kumenya maganda ya vitunguu, kuchambua mchele, kuvuta uradi kwa tasbihi. Na Kur-ani: yupo asiyemjua mwanawe na Yasin anaisoma yote. Akikosea rakaa usimsahihishe mbele za watu. Masheikh mliopo mtanirekebisha, lakini tumefundishwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni asiyekuwa na akili mpaka zirudi. Ya kufunga Ramadhani pia kaulizeni mapema, kabla mwezi haujaandama, maana mzee wa sukari anayelazimishwa kufunga huishia wodini.

Akiwa mkali hasa, usimsogelee kwa mbele. Kaa kwa ubavu, mikono chini, sauti chini, usimzibie mlango. Mtu mmoja azungumze. Nyumba zetu kila mtu anataka kutuliza na zinakuwa kelele sita. Mbuzi ya nazi, panga, visu na mafuta ya taa vikae mbali na yeye siku zote, si siku ya ghasia. Na wewe, ikiwa anapiga, toka. Nenda kwa jirani, hiyo si kumkimbia mume wala si utovu wa heshima. Msubiri dakika kumi, mara nyingi ukirudi ameshasahau na anakuuliza ulikuwa wapi.

Kuhusu kupotea, upesi: sheha, mkuu wa mtaa, ajue, imamu ajue, vijana wa bodaboda wajue, jina na namba ya simu zishonwe ndani ya kola ya kanzu. Visima vifunikwe. Komeo liwe juu, lakini usimfungie mtu peke yake ndani, moto hauna hodi.

Na sasa nakuja kwenu nyinyi wenyewe, na hapa watoto nao wasikilize.

Haya yote niliyoyasema, kuangalia, kuhesabu siku, kuongea polepole, hayawezi kufanywa na mtu ambaye hajalala. Mke asiyelala siku tano atafoka, na yeye akifokewa atahamanika, na usiku wa sita utakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mgonjwa ni usingizi wa mkewe. Nani anaulinda? Mtoto aliye Unguja, aliye Dar, aliye Maskati anatuma pesa, Mungu ambariki, halafu anapiga simu kutoa amri. Na mzee kwenye simu ni mwingine kabisa! Anauliza hali, anacheka, anaomba dua, dakika kumi safi. Mtoto anakata simu anasema: mama anakuza mambo, baba mzima. Si kwamba baba anaigiza. Anakusanya nguvu zote alizonazo kwa ajili yako, na ukikata simu zimekwisha, na mama ndiye anayelipa. Wewe mtoto, usipige simu. Njoo ulale usiku mbili, katika chumba kile, kitanda kile, ndipo uwe na rai.

Walio karibu wapange zamu, na zamu iandikwe. Mama alale nyumba nyingine, si chumba cha pili, maana chumba cha pili atasikia kila mlango. Hata usiku mmoja kwa wiki. Anayetuma pesa atume na ya kumlipa kijana wa kukaa na mzee mchana. Na jirani mwema asiseme "ukihitaji chochote niambie", maana hatosema. Aje Alhamisi alasiri akae na mzee, mama akaoge na aswali kwa utulivu.

Watu wakauliza. Nitaandika mawili.

Mama mmoja aliuliza kama anapata dhambi kwa kumfokea mumewe. Nilimwambia hilo nimemuachia sheikh, na sheikh aliyekuwepo alimjibu kwa upole kuliko nilivyotarajia. La kwangu lilikuwa moja: ukiona unafoka kila siku, au mkono umeanza kuinuka, si tabia yako iliyoharibika, umefika mwisho wa nguvu. Siku hiyo hiyo mwite mtu, na ukienda kituo cha afya mwambie nesi kuhusu wewe, si kuhusu yeye tu. Presha yako ipimwe.

Baba mmoja, mtu wa makamo, alisimama kwa tabu. Mkewe hataki aogeshwe naye. Anasema wewe si mume wangu, nitazamwe na mwanamme wa nje, nitapiga kelele. Watoto wao ni wa kiume watupu. Nikamwambia: hapo mkeo anailinda heshima yake, na hiyo ni sehemu yake iliyobaki nzima, usimvunjie. Kama yupo dada yake au mkwe anayekubalika, aoge na huyo. Kama hayupo, usimwambie "mimi ni mumeo", maana mumewe anayemjua ni kijana. Mwambie: "Mumeo amenituma nikuletee maji, anasema leo Ijumaa." Maji yawe ya uvuguvugu, yawe tayari kwenye ndoo kabla hujamwita, na kata awe nayo mwenyewe mkononi. Asivuliwe, ajifunge kanga, umwage maji juu ya kanga, uanze miguuni, kichwa kiwe mwisho au kisiwe kabisa. Kanga kavu iwe begani kwako umfunike kabla ya kuitoa ile ya maji. Na siku akikataa kabisa, mwache. Mfute panapohitaji kufutwa, ujaribu kesho.